Hela ya nje inapita wapi: kuchagua akaunti ya malipo ya kimataifa kwa biashara ndogo

Umemtumia sapulaya wa Guangzhou dola 5,000. Benki yako hapa Dar imekata 5,000 kamili na chaji yake pembeni, risiti unayo, halafu siku tatu baadaye inaingia meseji WeChat kwamba zimefika 4,970 na mzigo hautoki godauni mpaka umalizie 30. Unarudi tawini, dada wa kaunta anakwambia sisi tumetuma zote. Sapulaya naye anakurushia skrinshoti ya akaunti yake. Na wote wawili wanasema kweli.

Mimi kazi yangu ni kuandaa mahesabu ya biashara ndogo ndogo, wengi wako Kariakoo na Sinza, na hilo la dola 30 nakutana nalo kila mara. Mtu akishaelewa zile 30 zimebaki wapi, lile swali la "nifungue akaunti ipi ya malipo ya nje" linakuwa jepesi sana, kwa sababu anaacha kuuliza benki ipi nzuri na anaanza kuuliza hela yangu inapita wapi na inabadilishwa mara ngapi njiani.

Tuanze na njia. Hela ya kimataifa yenyewe haisafiri, hakuna ndege inayobeba dola zako kwenda China. Kinachosafiri ni ujumbe, na mtandao unaobeba huo ujumbe ndo SWIFT, ushirika wa mabenki ulioanzishwa mwaka 1973 kule Ubelgiji. SWIFT haishiki hela ya mtu, inapeleka maagizo tu: punguza kwa huyu, ongeza kwa yule. Sasa benki yako ya Dar na benki ya sapulaya mara nyingi hazina akaunti kati yao, kwa hiyo lazima zipitie benki ya tatu inayojuana na zote mbili, na kwa malipo ya dola hiyo benki huwa Marekani, mara nyingi New York, maana dola ni ya kwao na hesabu yake inafungwa kwao. Ni sawa na kutuma kifurushi Sumbawanga kwa basi linaloishia Mbeya: Mbeya kinashushwa, kinapakiwa kwenye gari nyingine, na aliyekipokea pale katikati naye anataka chake. Zile dola 30 zilibaki Mbeya.

Kwenye fomu ya TT, yaani ile ya kutuma hela nje kupitia benki, kuna kijisehemu cha makato ambacho watu wanakiruka, au wanamwachia karani ajaze. Pale kuna chaguo tatu. OUR maana yake wewe unayetuma unabeba makato yote, SHA mnagawana, yaani wewe unalipa benki yako na mpokeaji anakatwa huko mbele, na BEN yote yanamwangukia mpokeaji. Wengi wanatuma kwa SHA bila kujua, ndo maana hela inafika pungufu. Kama unalipia proforma, ile invoisi ya awali, ambayo sapulaya anataka itimie mpaka senti ya mwisho, andika OUR na ulipe hiyo chaji ya ziada hapa hapa, ni nafuu kuliko kutuma TT ya pili ya dola 30. Ila ujue hata OUR mara nyingine benki ya mpokeaji inakata ada yake ndogo ya kupokea, kwa hiyo muulize sapulaya mapema kama benki yake ina tabia hiyo.

Na omba kopi ya SWIFT kila unapotuma, usiondoke na risiti ya kaunta tu. Kwa muda mrefu ile kopi ilikuwa ya MT103, muundo wa zamani wa ujumbe wa SWIFT, na ilikuwa na namba za kufuata: 32A inaonyesha tarehe, sarafu na kiasi, 59 ndo mpokeaji, 70 ni maelezo ya malipo, 71A ndo lile la makato. Mfumo huo ulifungwa Novemba 2025 kwa malipo kama haya na sasa mabenki yanatumia muundo mpya wa ISO 20022, kwa hiyo unaweza kukuta OUR imeandikwa DEBT, SHA imekuwa SHAR na BEN imekuwa CRED. Usishtuke, ni kitu kile kile. Muhimu zaidi tafuta ile namba ndefu ya herufi na tarakimu, ukihesabu na vistari vyake inafika 36, inaitwa UETR. Hiyo ndo namba ya kufuatilia. Hela ikipotea njiani usiende benki kulalamika kwa maneno, nenda na UETR uwaambie waangalie imekwama benki gani, wanaiona.

Sasa tuje kwenye kitu kinachokula hela kuliko hizo chaji zote, nacho ni reti. Benki inakutangazia kwamba kutuma TT ni dola kadhaa, unalinganisha na benki ya jirani, unaona ya jirani nafuu kwa dola 10, unahamia. Kumbe hujauliza wanakuuzia dola kwa shilingi ngapi. Chukua namba za mfano tu: benki ya kwanza inauza dola kwa 2,520, ya pili 2,560. Tofauti ni shilingi 40, inaonekana si kitu. Kwa dola 5,000 hiyo ni shilingi 200,000. Umeokoa dola 10 ya chaji, ambayo kwa reti hiyo ni kama elfu ishirini na tano, umepoteza laki mbili, na hutaiona popote kwenye stetimenti kwa sababu haijaandikwa kama makato. Imejificha ndani ya reti.

Kwa hiyo kabla hujachagua benki, fanya hivi: angalia reti ya siku hiyo kwenye tovuti ya Benki Kuu, halafu siku hiyo hiyo, ikiwezekana saa hiyo hiyo, piga simu benki tatu uulize wanauza dola bei gani kwa kiasi chako. Siyo reti ya ubaoni. Reti ya ubaoni ni ya mtu anayekuja na dola 100. Ukiwa na dola 5,000 au 10,000 unaomba kuunganishwa na watu wa trezari, wale wa benki wanaonunua na kuuza fedha za kigeni, na bei inazungumzika. Wafanyabiashara wengi wadogo hawajui kabisa kwamba inazungumzika, wanadhani ni kama nauli ya mwendokasi, na inaniuma kwa sababu mwenye duka la pili kutoka kwake anapewa bei nyingine benki ile ile.

Kuna na ile ya kubadilisha mara mbili. Mteja wako wa Uingereza analipa pauni, kampuni ya katikati inazigeuza dola, dola zinaingia benki yako kwenye akaunti ya shilingi na zinageuzwa tena. Kila mgeuzo una mtu anayejichukulia chake kwenye reti. Tuseme kila mmoja anachukua asilimia 2: pauni 1,000 inabaki thamani ya 980, halafu 960 na ushee. Na hapo chaji hatujaanza kuhesabu. Akaunti nzuri kwako ni ile inayopunguza hiyo migeuzo, ndo maana hakuna akaunti moja inayomfaa kila mtu.

Anayeagiza mzigo China, Dubai au Uturuki bado anahitaji benki. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wanajaribu kukwepa benki kwa kila njia. Fungua akaunti mbili benki moja, ya shilingi na ya dola, ili ukipata reti nzuri leo ununue dola uziweke hata kama TT ni wiki ijayo. Na swali la kwanza kumuuliza meneja siyo chaji, muulize dola wanazo? Waliokuwa wanaagiza mizigo mwaka 2023 na 2024 wanajua ninachosema, dola zilikuwa ngumu, mtu ana shilingi zake kamili kwenye akaunti anapangiwa foleni, anapewa kidogo kidogo wakati sapulaya kule anasubiri asilimia 70 iliyobaki aachie kontena. Kipindi kile benki yenye wateja wengi wanaouza nje, korosho, kahawa, utalii, ilikuwa na nafuu kwa sababu dola zinaingia kwake kila siku. Hilo liangalie hata kama hali imetulia.

Kama mizigo yako karibu yote ni ya China, uliza pia habari ya yuan, kuna mabenki Dar yanayolipa kwa yuan moja kwa moja. Sapulaya anayepewa dola anazigeuza yuan na hiyo hasara ameshaiweka kwenye bei yako, kwa hiyo mwambie akupe bei mbili, ya dola na ya yuan, halafu ulinganishe. Siyo lazima yuan ishinde. Ila ukiwa na bei zote mbili mkononi unakuwa na la kuongea.

Halafu kuna ile njia ya mtaani, Kariakoo wote tunaijua: unampa mtu shilingi hapa, ndugu yake kule analipa yuan kwa sapulaya, dakika chache imeisha. Reti yake inaweza kuwa nzuri na mzigo unatoka haraka, naelewa kabisa kwa nini watu wanaitumia. Lakini huna karatasi. Siku TRA wakikuuliza huu mzigo umelipiaje, gharama isiyo na ushahidi haikubaliki na unatozwa kodi kana kwamba ilikuwa faida. Na zile yuan zilizomlipa sapulaya wako hujui zimetoka kwa nani, zikiwa na kesi huko akaunti yake inaweza kufungiwa na wewe mzigo wako unakwama humo humo. Anayefanya biashara hiyo bila leseni ya Benki Kuu anavunja sheria, na ukidhulumiwa utamshtaki kwa risiti ipi?

Kwa anayenunua Nairobi, Kampala au Kigali habari ni tofauti kidogo, hahitaji kupitia New York hata kidogo. Kuna mfumo wa EAPS uliounganisha benki kuu za Afrika Mashariki, benki yako inaweza kulipa shilingi ya Kenya kwenda benki ya Kenya bila kugusa dola. Uliza kwa jina, sema nataka kulipa kwa EAPS, maana makarani wengine mkono unaenda wenyewe kwenye fomu ya TT ya dola. Na kwa viasi vidogo M-Pesa ya hapa inatuma mpaka M-Pesa ya Kenya.

Upande wa pili ni wale wanaopokea: mbunifu wa tovuti wa Mikocheni, mtafsiri, anayehariri video za watu wa Marekani, dada anayeuza vikapu kwa maduka ya Ujerumani. Hawa akaunti ya dola ya benki peke yake inawaumiza, kwa sababu mteja wa Marekani akiambiwa atume wire ya kimataifa kwa kazi ya dola 300 anaona usumbufu, benki yake inamchaji, njiani panakatwa, na hapa napo panakatwa. Hapo ndo zinapoingia huduma kama Payoneer, ambayo ipo tangu 2005 na inafanya kazi Tanzania. Inakupa namba za akaunti za kupokelea zilizo kama za kwao: ya Marekani yenye routing namba ya tarakimu 9, ya Uingereza yenye sort code ya tarakimu 6, ya Ulaya yenye IBAN, ile namba ndefu ya akaunti ya kimataifa. Mteja anatuma kama anavyolipa bili ya nyumbani kwake, na wewe unazivuta kwenda benki yako ya hapa. Kwa PayPal kuwa makini, kwa miaka mingi akaunti ya Tanzania imekuwa ya kulipa tu na siyo ya kupokea, na wale wanaokufundisha ufungue kwa anwani ya Kenya au ya shemeji yako wa London wanakuingiza kwenye matatizo, siku wakiomba kitambulisho hela inashikiliwa na huna pa kuanzia.

Kwenye hizi huduma za mtandaoni nina msimamo mmoja: usizifanye ghala. Ile siyo akaunti ya benki ya Tanzania, wakikusimamisha ili wahakiki unabaki unaandikiana na watu wa huduma kwa wateja wakati mshahara wa kijana wako unasubiri. Pokea, vuta, weka benki. Na uvute kwenye akaunti ya dola kama wanaruhusu, ili ugeuze mwenyewe kwa reti uliyoongea na benki, badala ya kupewa shilingi kwa reti yao.

Wenye kampuni za utalii, hoteli ndogo na wanaouza mtandaoni kwa kadi wanahitaji geti la malipo, yaani kampuni inayopokea malipo ya kadi kwa niaba yako, na hapa Dar yapo, Selcom, Pesapal, DPO. Stripe ambayo vijana wanaisikia YouTube haifungulii biashara iliyosajiliwa Tanzania. Kwenye geti usiulize asilimia tu, uliza hela inaingia akaunti yangu baada ya siku ngapi na kwa sarafu gani, maana mteja akilipa dola na wewe ukapewa shilingi, tumerudi kule kule kwenye mgeuzo. Na kumbuka mwenye kadi ana haki ya kupinga malipo, mara nyingi mpaka siku 120, kwa hiyo vocha iliyosainiwa, barua pepe za mgeni na orodha ya waliopanda gari vitunze.

Hapa kwenye dola kuna sheria ambayo lazima uijue. Tangu Machi 2025 kuna kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinazokataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi. Akaunti ya dola hujakatazwa kuwa nayo, na kumlipa sapulaya wa nje kwa dola ni halali. Ila fremu ya Mlimani City, ada ya shule, fundi wa Tegeta, hayo yote ni shilingi. Kwa hiyo usifungue akaunti ya dola ukidhani utawalipia watu wa hapa hapa.

Kodi nayo inaingia, na hili watu wengi wanalipata kwa barua ya TRA. Ukimlipa mtu asiye mkazi kwa huduma, mfano mbunifu wa India au mshauri wa Afrika Kusini, unatakiwa umkate asilimia 15 uipeleke TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Yeye sasa anasema mimi nataka dola 1,000 yangu kamili. Basi hesabu inakuwa 1,000 gawanya kwa 0.85, karibu 1,176, hiyo 176 ni yako kuibeba. Iingize kwenye bei kabla hujakubali kazi. Kununua mzigo ni jambo jingine, huo unakutana na kodi zake bandarini.

Kuhusu makaratasi, jiandae na TIN, leseni ya biashara, cheti cha BRELA, NIDA, na kama ni kampuni katiba yake na azimio la wakurugenzi linalosema nani anasaini. Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazoangaliwa kwa karibu, ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, Oktoba 2022 na ikatolewa Juni 2025, na kwa miaka hiyo mabenki ya nje yalikuwa yanauliza maswali mengi zaidi kwa hela zinazotoka kwetu, tabia ambayo haiishi kwa siku moja. Kinachokwamisha zaidi ni majina. Invoisi imeandikwa jina la duka, akaunti ina jina lako la NIDA, proforma ina jina la mumeo, basi mashine ya benki ya katikati inaliona hilo na hela inasimama. Jina liwe moja kila mahali, herufi kwa herufi. Tanzania hatutumii IBAN, kwa hiyo mteja wa Ulaya fomu yake ikimlazimisha ajaze IBAN mwambie aweke namba ya akaunti na SWIFT code ya benki yako, ile ya herufi 8 au 11, na yenye TZ katikati.

Sapulaya akikuandikia barua pepe kwamba wamebadilisha akaunti, usitume. Hata kama barua imetoka kwenye anwani ile ile mliyozoea na ina muhuri. Wezi wanaingia kwenye barua pepe za sapulaya, wanasoma mazungumzo yenu wiki nzima, wanajua mpaka rangi ya vigae ulivyoagiza, halafu siku ya kulipa wanakuletea namba nyingine. Mpigie video kwa namba uliyokuwa nayo zamani, umwone uso, akusomee namba ya akaunti kwa mdomo. Sapulaya wengi wa China wanapokelea Hong Kong na hiyo ni kawaida, ila jina la kampuni lazima lifanane na la kwenye proforma, na akaunti ya mtu binafsi kwa mzigo wa kampuni ikatae.

Ukishafungua, jaribu kwanza kwa kiasi kidogo kwenye njia halisi utakayotumia, utume au utumiwe, uone kimefika kiasi gani na baada ya siku ngapi, halafu ndo uhamishie biashara yako huko. Na uangalie saa. Dar ikiwa saa sita mchana, Guangzhou tayari ni saa kumi na moja jioni watu wanafunga ofisi, na New York bado hawajaamka, kwa hiyo TT ya Ijumaa mchana ni ya Jumatatu. Kuanzia tarehe 1 Oktoba Wachina wako likizo ya taifa karibu wiki nzima, Mwaka Mpya wao mwezi wa kwanza au wa pili ndo zaidi, viwanda vinafungwa. Kama balansi yako inatakiwa mwisho wa Septemba, TT itoke ifikapo tarehe 20 na kopi ya SWIFT umrushie sapulaya siku hiyo hiyo.